Kontrola si ghala

Juzi kijana mmoja wa Kasulu aliniandikia: "Kaka, nikirekebisha kitu kimoja kwenye programu yangu, vitatu vinaharibika." Nikamwomba anitumie faili la msimbo wa skrini yake kuu. Mistari elfu mbili na ushee! Nikakumbuka la kwangu, na hadi leo linaniuma.

Programu yangu ya kwanza nilimwandikia mama mmoja anayeuza dagaa mwalo wa Kibirizi, Kigoma. Wateja wake wengi huchukua kwa mkopo, na daftari lake lilishalowa mara mbili. Nilikesha miezi miwili. Vitufe, hesabu za madeni, kuhifadhi, kutuma mtandaoni, vyote nikavijaza kwenye faili moja la skrini. Ilifanya kazi, nikajiona fundi.

Asubuhi moja mitumbwi imerudi na mzigo mzuri, akaingiza wateja 19 kabla hajabonyeza kuhifadhi. Akailaza simu ili mwenzake aone. Skrini ikageuka, orodha ikawa tupu. Hakugomba. Alisema tu, "Mwanangu, sasa nitamdai nani?" Kesho yake alirudi kwenye daftari.

Simu ya Android ikigeuzwa, kwa kawaida mfumo huivunja skrini ile na kuiunda upya. Madeni ya mama nilikuwa nimeyashikiza humo humo kwenye skrini, yakaenda nayo.

Mpangilio wa kugawa programu sehemu tatu, yaani modeli, mwonekano na kontrola, aliubuni Trygve Reenskaug, Mnorwei, mwaka 1979 akiwa kituo cha utafiti cha Xerox PARC, simu hizi hazijakuwepo. Modeli hutunza data na kanuni zake, mwonekano huonyesha, kontrola hupokea alichofanya mtumiaji na kukipeleka panapohusika. Ni kama karani wa mwalo: havui, haaniki dagaa, ila anajua mzigo huu ni wa nani na uende wapi. Kwenye simu tunapotea kwa sababu faili la skrini ndilo linalopokea miguso kama kontrola, basi mkono unaona umalizie kila kitu hapo hapo. Wenzetu wa iPhone nao wanaugua ugonjwa huu.

Mdogo wangu, hesabu ya deni itoe humo. Deni halihitaji kujua skrini imelala au imesimama. Kuhifadhi nako kutoe. Tangu 2017 Google wanatupa ViewModel, sehemu ya kushikia data ya skrini, inayobaki hai skrini ikigeuzwa. Itumie, lakini usihamishie humo mistari yako elfu mbili ukadhani umepona. Na mfumo ukiizima programu nzima, hata hiyo huondoka, kwa hiyo deni liingie kwenye hifadhidata papo hapo. Tunapenda kuwahi kuonyesha kazi, na mle ndani kuna mtaji wa mtu!

Niliandika upya kwa wiki tatu. Kontrola ikabaki na mistari 90. Nilipompelekea yule mama, aliandika jina la mteja mmoja, akaigeuza simu mara nne huku ananitazama, ndipo akaandika la pili.