Kabla hujalaumu jani: kupima klorofili inayovunjika

Jani la maharage likigeuka njano, wengi wanaoanza maabara hudhani klorofili, ile rangi ya kijani ya jani, imeoza. Haiozi. Inafunguliwa hatua kwa hatua, na karibu kila hatua ina kimeng'enya chake. Shida ni kwamba hatua za mwanzo unaweza kuzisababisha mwenyewe ndani ya kinu unachosagia jani, kisha ukaandika kwenye daftari kwamba ni kazi ya jani.

Shika kwanza mpangilio. Klorofili ziko aina mbili, a na b. Klorofili b hugeuzwa kuwa a, kwa sababu njia ya mbele hupokea a tu. Magnesiamu iliyo katikati ya pete ya molekuli hung'olewa, inabaki feofitini. Fitoli, ule mkia mrefu, hukatwa, inabaki feoforbaidi. Kisha kimeng'enya kiitwacho PAO hupasua pete yenyewe kwa kutumia oksijeni, na hapo ukijani umekwisha. Mabaki husukumwa hadi kwenye vakuoli, mfuko wa maji ndani ya seli, ambako asidi huyamalizia kuwa vitu visivyo na rangi. Ndiyo maana vilichelewa kuonekana: muundo wa cha kwanza, kutoka kwenye shayiri, ulijulikana mwaka 1991.

Usifundishe mtu kwamba mmea huvunja klorofili ili kuokoa naitrojeni yake. Atomu nne za naitrojeni zilizo kwenye pete huanguka pamoja na jani. Kinachookolewa ni protini zilizoishikilia klorofili, na klorofili ikishaachiwa huru ni hatari kwenye mwanga. Mahindi yenye PAO mbovu hulundika feoforbaidi, majani yakatoka madoa yaliyokufa.

Sasa kinu. Kata vipande vya duara kwa kitoboleo cha sentimita 1 (kila kimoja kina sentimita za mraba 0.785), jumla iwe kama gramu 0.1. Saga gizani au kwenye mwanga hafifu, kinu kikiwa juu ya barafu, kwa mililita 5 za asetoni safi iliyopoa na chembe ya magnesiamu kaboneti. Chembe hiyo si mapambo: asidi ya vakuoli ikimwagika bila kuzimwa, inang'oa magnesiamu kabla hujafika kwenye spektrofotomita, mashine ya kupima mwanga unaofyonzwa. Suuza kinu kwa asetoni mpaka mabaki yawe meupe, jumla ya asetoni ifike mililita 20, ndipo ujaze maji hadi alama ya 25. Utakuwa na asetoni ya asilimia 80.

Kwa nini maji mwishoni? Kwa sababu klorofilasi, kimeng'enya kinachokata fitoli, hufanya kazi hata ndani ya asetoni iliyochanganyika na maji. Saga jani bichi kwenye asetoni dhaifu, uliache mezani ukanywe chai, na utapata klorofilaidi (klorofili isiyo na fitoli) ambayo jani halikuwa nayo. Kimeng'enya hiki kilidhaniwa kwa miaka mingi kuwa ndicho kinachoanzisha uvunjaji ndani ya jani. Mwaka 2009 ndipo kilipoonyeshwa kingine, kinachokata fitoli kutoka kwenye feofitini.

Zungusha kwenye sentrifyuji, kisha soma ufyonzaji wa mwanga (A) kwenye nanomita 663.2, 646.8 na 750. Toa somo la 750 kwenye yale mawili. Likiwa kubwa, mchanganyiko una uchafu, zungusha tena. Kwa mikrogramu kwa mililita, klorofili a ni 12.25 × A663.2 − 2.79 × A646.8, b ni 21.50 × A646.8 − 5.10 × A663.2. Somo likizidi 0.8, zimua. Jani la njano lijazie mililita 10 tu, asetoni 8 na maji 2, la sivyo utasoma kelele za mashine.

Jani lenye afya hutoa uwiano wa a kwa b unaokaribia 3. Ukishuka ghafla, shuku asidi kwanza, maana a hupoteza magnesiamu upesi kuliko b. Kwa uhakika, dondosha tone la asidi haidrokloriki kwenye sehemu ya mchujo. Itakuwa rangi ya zeituni, nawe umejitengenezea feofitini ya kulinganishia. Paka zote mbili, mchujo na hiyo feofitini, kwenye bamba la silika la kutenganishia rangi, kiyeyushi kikipanda: feofitini hupanda juu kama doa la kijivu, klorofilaidi hubaki karibu na mstari wa kuanzia. (Wenye viwanda vya chai Mufindi na Rungwe hawana ugomvi na feofitini, ndiyo mojawapo ya vinavyoipa chai weusi wake.)

Ukiwa na taa ya urujuanimno ya nanomita 366, chukua ndizi iliyoiva kutoka Tukuyu, ya njano bila madoa, ingia chumba cha giza. Ganda litang'aa bluu. Hayo ni mabaki ya klorofili ambayo bado yana mng'ao; kwenye majani hupita upesi mno kuyaona hivyo.

Ukiweka majani gizani yageuke njano, tumia karatasi ya kuchuja yenye unyevu, isiyoloa chepechepe, na sanduku la joto lisilobadilika. Usiku wa Julai huku Mbeya hupunguza kasi ya vimeng'enya, kwa hiyo kundi la Julai lililokaa mezani halilinganishwi na la Novemba. Na hesabu klorofili kwa eneo la jani. Jani linalozeeka hupoteza maji na protini pia, kwa hiyo kwa uzito linaweza kuonekana lina klorofili nyingi kuliko lilivyo.