Kodi ndogo isikudanganye

Ndugu, umeuliza uhamie wapi kwa kipato kidogo, na naona hesabu yako yote imeishia kwenye kodi ya nyumba. Hapo ndipo wengi tunapojikwaa. Nyumba ya bei chee mara nyingi iko mbali, na umbali nao unalipiwa kila siku: nauli ya kwenda na kurudi, zidisha kwa siku za kazi, zidisha tena kwa kila mtu wa nyumbani anayetoka. Jumlisha kodi na nauli ndipo ulinganishe mtaa na mtaa. Chumba cha bei juu kidogo karibu na kazi kinaweza kushinda. Maji na umeme waulize majirani, si dalali (huyo atakuapia maji hayakatiki hata kiangazi). Kama kuna mgonjwa wa dawa za kila mwezi au watoto wa shule, zahanati na shule ziwe za kufika kwa miguu. Mimi ningepanga kwanza miezi miwili mitatu, mizigo mikubwa nikiiacha kwa jamaa, kabla ya kusaini mkataba mrefu. Na nauli ya kurudi ulikotoka, mambo yakigoma, iweke kando usiiguse.