Chai ya asumini: usitazame maua
Umeuliza kama maua mengi kwenye pakiti ni dalili ya chai nzuri ya asumini. Hapana, ndugu yangu. Kule Fuzhou, China, majani ya chai ya kijani hulazwa pamoja na vitumba vya asumini vinavyochanua usiku, yakishafyonza harufu maua hutolewa. Chai bora hurudiwa hivyo mara kadhaa. Maua makavu unayoyaona mara nyingi ni pambo tu.

Tumia maji ya nyuzi 80 hivi, yasiyotokota, bila sukari. Mimi huamua ubora kwa kikombe cha pili cha majani yaleyale: chai iliyotiwa manukato badala ya maua hunukia sana mwanzo, kisha hubaki uchungu mtupu. Ile ya maua kweli bado unaisikia kooni, kama kikuba cha asumini kilicholala kwenye mto wa kitanda hadi asubuhi.