Maswali ya Wasomaji: Rafu za Vitabu Katika Chumba cha Mtoto Mchanga

SWALI: Mke wangu anatarajia kujifungua baada ya miezi miwili, na ningependa mtoto wetu akute vitabu chumbani mwake. Nimepata mbao kavu za msonobari zenye unene wa milimita 18. Nina msumeno wa mkono, randa ndogo na drili ya kuazima, ila sijasomea useremala. Jirani ananishauri nitengeneze rafu mbili za upana wa sentimita 25 na kuzifunga juu ya kitanda cha mtoto ili zisile nafasi. Je, ushauri huo unafaa, na nitumie rangi gani?
Baba mtarajiwa

JIBU: Ndugu msomaji, hongera, na tunamwombea mama ajifungue salama. Nianze na neno la jirani yako, kwa kuwa ndilo linaloweza kumdhuru mtoto. Usifunge rafu yoyote juu ya kitanda chake, iwe nyembamba au pana. Kitabu cha kurasa ngumu kina kona kali, na mtoto aliyelala chali hawezi kukikwepa. Tena akishaanza kusimama kwa kushika kingo za kitanda, mkono wake hufika mbali kuliko wazazi wanavyodhani. Chagua ukuta mwingine, hata kama ni mfupi.

Upana wa sentimita 25 nao hauhitajiki. Rafu ya namna hiyo ni ya vitabu vinavyosimama kwa kupangwa bega kwa bega, na mita moja ya vitabu hivyo huweza kufikia kilo 20. Mtoto asiyejua kusoma hana haja na maandishi ya ubavuni mwa kitabu. Huchagua kwa picha ya jalada. Kwa hiyo mtengenezee rafu nyembamba ambayo vitabu huegemea ukutani vikimtazama. Rafu ya sentimita 80 itabeba vitabu vinne hivi kwa safu, na unaweza kuweka safu mbili bila kuzidi kilo chache.

Kila rafu ina mbao tatu za urefu mmoja: kitako cha upana wa sentimita 8, mgongo wa sentimita 9, na ubao wa mbele wa sentimita 5. Mgongo husimama juu ya kitako kwa nyuma, na ubao wa mbele hufungwa kwenye ukingo wa kitako, sehemu zao za chini zikiwa sawa, ili juu ibaki kingo ya sentimita 3 hivi ya kuzuia vitabu visiteleze. Nafasi ya ndani itakuwa kama sentimita 6, nayo inatosha. Paka gundi ya mbao, kisha kaza kwa skrubu za milimita 4 zenye urefu wa milimita 40, moja kila baada ya sentimita 20. Toboa kwanza kwa biti ya milimita 2.5 au 3, la sivyo msonobari utapasuka, hasa karibu na ncha. Usizidishe urefu wa sentimita 80 au 90 bila sababu, kwani ubao ukiongezwa urefu mara mbili, kwa mzigo uleule wa kila sentimita, hubonyea mara 16 zaidi.

Kazi ya msasa ndiyo ninayokusihi usiiharakishe. Piga msasa wa namba 80, halafu 120, halafu 180, ukifuata uzi wa mbao, na uviringishe kila kona hadi isiume kiganja. Kisha futa mbao kwa kitambaa chenye unyevu na uiache ikauke: utaona imeota vinyweleo. Viondoe kwa msasa laini kabla ya kupaka rangi, maana rangi ya maji ingeviamsha na kuviacha vigumu kama miba. Mwisho vaa soksi nyepesi ya nailoni mkononi uipitishe kwenye kila ukingo. Inaponasa, hapo pana kibanzi ambacho jicho halikukiona.

Kuhusu rangi, tumia ya maji, iliyoandikwa kwenye kopo kwamba inafaa kwa vitu vya kuchezea watoto. Usichukue kopo la zamani usilojua asili yake, wala usitumie mbao zilizokwisha kupakwa rangi zamani, kwa sababu rangi nyingi za kale zilichanganywa na madini ya risasi, nayo hudhuru ubongo wa mtoto hata yakiwa kidogo. Mtoto anayeota meno ataung'ata ule ubao wa mbele, hilo usilitilie shaka. Rangi hukauka kwa kuguswa ndani ya saa chache, lakini huchukua wiki kadhaa kukomaa kabisa. Maliza kupaka mapema, na madirisha yawe wazi.

Sasa ukuta, ambao kwangu ni muhimu kuliko mbao zote. Rafu ya kwanza niliyomfungia mwanangu ilianguka usiku, ikang'oka na kipande cha plasta kikubwa kama sahani, kwa sababu plagi zangu zote, yaani vile vibomba vya plastiki vinavyoingizwa ukutani ili skrubu ishike, ziliishia ndani ya plasta. Kitanda kilikuwa upande wa pili, namshukuru Mungu. Tangu siku ile ninatazama vumbi la drili. Mwanzoni hutoka jeupe au la kijivu, hilo ni plasta. Kwenye ukuta wa matofali ya kuchoma hugeuka jekundu, na hapo ndipo unapojua umefika kwenye tofali lenyewe. Toboa kwa biti ya milimita 8 hadi kina cha sentimita 6, puliza vumbi lote litoke, ingiza plagi ya plastiki ya sentimita 5, halafu skrubu ya milimita 5 yenye urefu wa sentimita 7. Kila rafu ipate skrubu tatu kupitia mgongo wake, na mstari uhakikishwe kwa pima maji. Usitoboe juu, chini wala pembeni mwa swichi au soketi, kwa kuwa nyaya hupita humo.

Rafu ya chini iwe sentimita 30 kutoka sakafuni, na inayofuata sentimita 38 juu yake. Mtoto atajiinua kwa kuishika, basi ibonyeze kwa mikono yote miwili kwa nguvu zako kabla ya kuweka kitabu chochote. Ikicheza hata kidogo, ifungue uanze upya.

SWALI: Ukuta wetu ni wa bodi za jasi, ukigonga unalia kama debe. Je, nasi tunaweza kufunga rafu kama hizo?
Mama wa mapacha

JIBU: Mnaweza, dada, mradi skrubu ziingie kwenye nguzo zilizo nyuma ya bodi. Mara nyingi nguzo hizo huachana sentimita 40 au 60. Pitisha sumaku ndogo polepole ukutani. Itanata penye vichwa vya skrubu zilizoshikilia bodi, na nguzo iko hapo. Kata rafu kwa urefu utakaofikia nguzo mbili, na usitegemee bodi peke yake, kwa kuwa mapacha wakishika rafu kwa pamoja, jasi itabomoka.