Anko wa Safari Anajibu: RV Peke Yako na Treni Mpaka Korongoni

Mwezi huu barua karibu zote zimetoka kwa ndugu zetu walioko Marekani na zote zinagusa jambo moja, kuzunguka na ile gari ya nyumba (RV) ukiwa mwenyewe, alafu unaiacha mahali unapanda treni ya kutalii. Nimechagua nne.

SWALI: Anko shikamoo. Mimi ni mama wa miaka 52, Mtanzania, nipo Houston, nafanya kazi kituo cha kulelea wazee. Watoto washakuwa wakubwa, kila mtu ana maisha yake. Nina likizo mwezi wa 10 na safari hii sitaki kwenda kwa mtu, nataka nikodi RV niendeshe mwenyewe mpaka Arizona, alafu nipande ile treni ya Grand Canyon nikae dirishani nilitazame korongo lote bila kuhangaika. Watoto wanasema mama umeanza kuchanganyikiwa, mwanamke mmoja na basi zima la nini. Leseni yangu ya kawaida inatosha? Usalama je? Niambie ukweli.

JIBU: Marahaba mama. Hao watoto waambie watulie, watapigiwa simu ukishafika. Na mwezi wa 10 umechagua vizuri, joto la Phoenix linakuwa limeanza kupungua na huko juu theluji nzito bado.

Leseni nimalize haraka maana ni rahisi, RV za kukodi unaendesha na leseni ya gari dogo, mambo ya leseni ya malori yanaanza kwenye uzito wa pauni 26,000 na hizi za kukodi ziko chini ya hapo. Chukua Class C, ile yenye kitanda kinachoning'inia juu ya kichwa cha dereva, na usivuke futi 25. Watakuambia ya futi 30 imeshuka bei, kataa, ya futi 30 ni ya familia yenye mtu wa kushuka kukuelekeza wakati unarudi rivasi.

Sasa hapo kwenye kuendesha kutoka Houston ndo sikubaliani na wewe. Ni kama maili 1,200 kwenda tu, Class C inakula galoni moja kwa maili 10 hivi ukibahatika, yaani galoni 120 kabla hujaona hata jiwe moja la korongo, na kampuni nyingi za kukodi zinachaji kila maili na jenereta wanachaji kwa saa. Panda ndege mpaka Phoenix, kodi hapo, kutoka hapo mpaka mji wa Williams treni inapoanzia ni kama maili 175, unaweza kuzimaliza siku moja polepole na bado ukafika jua likiwepo. Jua likiwepo nasisitiza, maana huko usiku barabarani kuna elki, ni mnyama kama swala lakini mkubwa kama ng'ombe, na anasimama katikati ya lami anakuangalia.

Haya, kuhusu treni. Mama, ile treni ya Grand Canyon haipiti kandokando ya korongo. Watu wengi wanakata tiketi wakidhani watakaa dirishani waone ule ukuta mwekundu, wanaanza kulalamika kwa mhudumu mbona ni misonobari tu na nyika. Reli imetoka Williams kwenda kaskazini kama maili 64, msitu, nyika, msitu tena, saa mbili na robo, na inaishia kwenye stesheni ya magogo iliyojengwa 1910. Ukishuka unapanda ngazi dakika chache kwa mguu, ndo unakuta dunia imekatika. Korongo lenyewe lina urefu wa kilomita 446, kina kama kilomita 1.6, na mahali pengine upana unafika kilomita 29. Kwa hiyo usikae ndani ya behewa na kamera mkononi, kula, ongea na watu, pumzika.

Treni ya kwanza ya abiria ilifika pale Septemba 17, 1901. Kabla ya hapo ilikuwa mkokoteni wa farasi siku nzima mpaka mgongo unauma. Alafu magari binafsi yakaua biashara, 1968 wakaacha kubeba abiria, ikalala miaka zaidi ya 20, wakaifufua 1989 tarehe ileile ya Septemba. Na ina faida ambayo inakuhusu wewe moja kwa moja, magari ni mengi mno kule juu, parking ni vita. Sasa fikiria uko na RV, peke yako, unatafuta parking kwenye msururu, nyuma wanakupigia honi, na korongo liko pembeni huwezi hata kuligeukia maana macho yote yako barabarani! Wenye wenza wanapokezana, mmoja anaendesha mwenzake anatazama. Wewe huna wa kupokezana naye, ndo maana kwa mtu mmoja treni siyo anasa bali ndo njia yenye akili. Na kuna la hela pia, RV unalipia nzima hata ukiwa mmoja, treni unalipia kiti chako tu.

Kwa hiyo fanya hivi. Williams kuna RV paki ya reli yenyewe, unatembea kwa miguu mpaka stesheni. Fika siku moja kabla, chomeka umeme na maji, lala. Asubuhi funga gesi, funga milango, nenda. Kawaida inaondoka saa 3:30 asubuhi inafika saa 6 kasorobo, inageuza saa 9:30 alasiri (angalia ratiba ya msimu wako, inabadilika). Una saa tatu na dakika 45 pale juu, zinatosha kutembea njia ya ukingoni kutoka hoteli ya El Tovar ya 1905 mpaka Kolb Studio bila haraka, au kupanda basi la bure la hifadhi kwenda Yavapai kwenye kile kijumba cha jiolojia chenye vioo vikubwa. Usijaribu kushuka Bright Angel, ile njia ya miguu inayoingia ndani ya korongo, eti kidogo tu. Kushuka kunakudanganya, ni kupanda ndo kunakula muda na pumzi, na pale uko mita 2,100 juu ya usawa wa bahari wakati umetoka Houston iliyo chini kabisa. Mimi ningekushauri ulale usiku mmoja kule juu hotelini, urudi na treni ya kesho yake, RV yako ikusubiri Williams. Korongo saa za watalii na korongo jioni wakishaondoka siyo kitu kimoja, rangi zinageuka kila baada ya dakika chache na kelele zinaisha.

Madaraja ya treni: Pullman ndo ya bei ya chini, mabehewa ya 1923, dirisha unafungua mwenyewe upepo unaingia. Yale ya juu yenye paa la kioo ni mazuri lakini nimeshakuambia nje ni misonobari, so usijiumize kwa hela.

Usalama. Hatari kubwa ya mtu mmoja kwenye RV siyo majambazi, ni rivasi. Ukibuku kempu omba sehemu ya kupita moja kwa moja, unaingia mbele unatoka mbele, hiyo peke yake inamaliza nusu ya presha. Pale pasipo na namna, simama, shuka, zunguka gari lote kwa miguu uangalie, rudi, sogea kidogo, shuka tena. Watu watakuona mshamba, waache wakuone hivyo. Angalia na juu pia, gari lina futi 11 au 12, na matawi na paa za petrol stesheni hazikusamehi. King'ora cha moshi na kile cha kaboni monoksaidi ukakijaribu ukiwa bado kwa waliokukodisha, usingoje mpaka usiku wa kwanza ukiwa porini. Mtumie binti yako jina la kempu na namba ya eneo kila ukifika, kule network inakatika kwahiyo kubalianeni mapema kwamba kimya cha saa chache siyo msiba.

Na sasa jambo ambalo kwenye video hawalionyeshi vizuri: choo. RV ina matenki mawili ya uchafu, moja la choo na moja la maji ya sinki na kuogea. Ukifika kempu ukaunganisha bomba la maji taka usiache koki ya tenki la choo wazi, maji yatatoka na mzigo utabaki umeganda kama saruji, utajuta na waliokukodisha watakukata deposit. Iache imefungwa mpaka tenki lijae kiasi, alafu vaa glavu, fungua la choo kwanza likiisha ndo la sinki, ili maji ya sabuni yasafishe ule mpira. Wewe unalea wazee mama, hii kwako ni kazi ndogo sana, wanaozimia ni vijana.

SWALI: Kaka salamu. Niko Mkongomani, natokea Bukavu, niko Phoenix na mke na sasa nataka kwenda peke yangu na kile kigari cha kulala nipumzishe akili. Kazini walinialika hiyo treni ya Grand Canyon, nikasikia kuna watu wenye bunduki wanashambulia treni. Wanasema ni mchezo. Mimi mchezo wa risasi sipendi, niliona ya kweli. Nifanye nini?

JIBU: Ndugu yangu, asante kwa kuuliza hili, na wala halihitaji aibu. Ni kweli, asubuhi kabla ya kuondoka Williams kuna maigizo ya macowboy wanapigana risasi, ni baruti tupu lakini mlio ni mlio, alafu wakati wa kurudi wanakuja "majambazi" na farasi wanapita kwenye mabehewa wakitania watu. Wengine wanacheka sana. Kwako wewe ningesema iruke kabisa.

Panda treni ya Verde Canyon, na mimi ukiniuliza kwa upande wa kuona korongo kutoka dirishani iko mbele ya ile nyingine. Inaanzia Clarkdale, kutoka Phoenix haifiki saa mbili na nusu hata kwa mwendo wa RV. Reli ilijengwa 1911 na 1912 kwa ajili ya shaba ya seneta Clark, ndo huyo mji umechukua jina lake, na treni ya watalii ilianza 1990. Ni maili 20 kwenda mpaka shamba la zamani la Perkinsville na kurudi njia ileile, jumla saa nne. Hapo korongo liko dirishani kweli, mto Verde chini yako, kuta nyekundu, handaki moja la futi 680 lililochongwa kwenye mwamba, na kila abiria hata wa daraja la chini ana ruhusa ya kutoka kwenda behewa la wazi kusimama na upepo. Ukienda Desemba mpaka Machi kuna tai wenye vichwa vyeupe. Hakuna wa kukushambulia.

Kulala: mbuga ya jimbo ya Dead Horse Ranch pale Cottonwood, jirani kabisa, ina sehemu za RV zenye umeme na maji, na jina lisikutishe. Njia pita I-17 utoke Camp Verde ushike 260. Usiruhusu simu ikupitishe Jerome kwa barabara ya 89A eti ni fupi, zile kona za mlimani na gari refu hazipatani, utakuwa hujaenda kupumzisha akili tena.

SWALI: Niaje Anko, mimi ni Mkenya niko Denver, sina time ya kwenda Arizona, nina van yangu mwenyewe na weekend moja tu. Kuna ya huku?

JIBU: Ipo tena ya nguvu. Teremka Cañon City, Royal Gorge, treni inapita chini kabisa kwenye sakafu ya korongo pembeni ya mto Arkansas, saa mbili hivi kwenda na kurudi. Kuna mahali korongo limebana mpaka 1879 wakashindwa kupata pa kuweka reli, wakaining'iniza kwa vyuma vilivyobanwa kwenye kuta zote mbili, mto unapita chini yake na mpaka leo treni inapita juu yake. Kampuni mbili zilikuwa zinagombania hicho kichochoro, waliajiri mpaka watu wa bunduki, kesi ikafika mahakama kuu ya nchi. Inua macho uone daraja la 1929 limening'inia futi 956 juu yako. Jumamosi treni, Jumapili nyumbani, van yako italala kempu yoyote pale mjini.

SWALI: Anko, niko San Diego na RV yangu ya zamani, nataka kuvuka nayo Mexico kwenda Copper Canyon nikapande El Chepe. Peke yangu. Inawezekana?

JIBU: El Chepe ni mashine, reli ya Chihuahua mpaka pwani ilikamilika 1961, zaidi ya kilomita 600, mahandaki 86 na madaraja 37, pale stesheni ya Divisadero unasimama ukingoni kabisa. Treni nakuunga mkono. RV nakukatalia. Bima yako ya Marekani ikivuka mpaka haikulindi, lazima ununue ya Mexico, unahitaji kibali cha gari, na zile barabara za milimani siyo za mtu mmoja na gari kuukuu ambalo likizima hujui utampigia nani. Iache RV upande wa Marekani kwenye parking ya kulipia, panda ndege mpaka Chihuahua au Los Mochis, anza treni hapo. Na kama makaratasi yako ya uhamiaji bado yako kwenye foleni, usivuke hata kwa miguu kabla hujaongea na wakili, kutoka ni rahisi, kurudi ndo kesi.