Maswali ya wasomaji: RCCM ninayo, sasa naweza kufungua farmasi?

Mimi ni muuguzi wa ngazi ya A1. Nimepanga nyumba Katuba, hapa Lubumbashi, nimepata RCCM (karatasi ya kuandikisha biashara) kwenye Guichet Unique, ofisi ya kufungulia biashara, rafu ziko tayari. Jirani anasema hiyo inatosha kuanza kuuza dawa. Ni kweli? (Mama E., Katuba)

Hapana, Mama, usifungue bado. RCCM inakutambulisha kama mfanyabiashara tu, na muuza saruji anapewa hiyo hiyo. Ukiongeza Identification Nationale (nambari ya taifa ya biashara) na nambari ya kodi, leta (serikali) inaijua biashara yako, basi. Dawa zinadai ruhusa nyingine, ya upande wa afya, nayo inategemea vitu vitatu: mfamasia, nyumba, na mahali unaponunua.

Kwenye mfamasia ndipo dosye nyingi (karatasi za maombi) zinapokwama. Diploma ya uuguzi, ya ngazi yoyote, haishiki nafasi ya diploma ya ufamasia. Pesa na rafu zitakuwa zako, lakini anayejibu juu ya dawa ni mfamasia aliyeandikishwa kwenye Ordre des Pharmaciens, chama rasmi cha wafamasia. Lubumbashi si mji wa kukosa wafamasia; UNILU, chuo kikuu cha hapa, ina kitivo kizima kinachowafundisha. Fanyeni mkataba wa maandishi unaosema siku na saa atakazokuwa dukani, mshahara wake, nani anasaini oda za dawa, funguo za kabati la dawa za hatari zinakaa kwa nani, na akitaka kuondoka atoe taarifa miezi mingapi mbele. Tunakuomba sana usikodishe diploma. Watu wanalipa kila mwezi jina la mfamasia anayeishi Kolwezi, na siku inspekta anaingia, anamkuta kijana wa mauzo peke yake, hajui kipimo cha dawa ya mtoto wa kilo 9. Kabla ya faini, hapo kuna hatari ya mtoto yule.

Nyumba nayo ikaguliwe kabla hujapaka rangi. Mabati bila plafoni hayafai: mwezi wa 10 joto la Lubumbashi ndani ya nyumba ya namna hiyo linapita nyuzi 30, na dawa nyingi zimeandikwa zisizidi hapo. Weka sehemu ya kuhudumia watu, depo inayofungwa kwa ufunguo, maji ya kunawa, na pembe ya dawa zilizopitwa na muda, yenye alama, mbali na rafu za kuuzia. Makarton yakae juu ya palati, sentimeta 10 kutoka chini na 30 kutoka ukutani, yasipandane kupita mita 2.5. Ukutani ndiko unyevu unakopitia masika, na karton ya chini inaharibika kimyakimya huku ya juu inaonekana nzima.

Kisha dosye: barua ya maombi, diploma ya mfamasia, uthibitisho wa Ordre, mkataba wenu, mkataba wa kupanga, mchoro wa nyumba wenye vipimo, na kopi za karatasi za biashara. Anza kwa mfamasia-inspekta wa Inspection provinciale de la santé (ofisi ya ukaguzi wa afya ya jimbo), akuonyeshe njia ya dosye hadi ACOREP, mamlaka ya dawa ya nchi, iliyochukua nafasi ya ile Direction de la Pharmacie et du Médicament. Soma jina na adresi kwenye kila karatasi kabla ya kupeleka. RCCM ikisema avenue moja na mkataba wa nyumba ukisema nyingine, dosye inarudi. Baki na kopi yenye muhuri wa kupokelewa na tarehe. Ukiambiwa ulipe, omba note de perception (karatasi rasmi ya kulipia), ulipe benki, utunze risiti, usilipe mkononi. Na siku ukihama nyumba, ujue kwamba ruhusa haikufuati: nyumba mpya inakaguliwa upya.

Kuna mtu ananiletea dawa kutoka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kwa bei ya chini, bila faktire (ankara). Maboksi ni yale yale. Kosa liko wapi? (Papa K., komine ya Kenya)

Papa, boksi si ushahidi. Dawa inaweza kuwa nzuri huko Zambia na bado haina AMM, yaani ruhusa ya kuuzwa hapa kwetu. Bila faktire yenye jina la muuzaji, nambari ya loti (dawa zilizotengenezwa pamoja) na tarehe ya mwisho, siku loti ikitangazwa mbaya hutajua kama unayo, wala umrudishie nani. Mwaka 2015, Ituri, vidonge vilivyouzwa kama diazepam, dawa ya kutuliza, vilikutwa na haloperidol, dawa ya wagonjwa wa akili, ndani. Wagonjwa kwa mamia walishikwa na mikazo ya misuli ya uso, shingo na ulimi. Nunua kwenye depo yenye ruhusa, na mbele ya mleta mizigo linganisha loti ya boksi, loti ya plaketi ya vidonge ndani yake na ile ya faktire. Zikitofautiana, mzigo urudi naye.

Insulini kwenye frigo wakati umeme unakatika kila siku? (Msomaji, Kampemba)

Kati ya nyuzi 2 na 8. Watu wanaogopa joto na kusahau barafu: insulini ikiganda hata mara moja imekufa, ingawa ikiyeyuka inaweza kuonekana safi. Isiguse kongeleta (sehemu ya kugandisha), isikae mlangoni. Jaza nafasi tupu kwa chupa za maji, zitashika baridi umeme ukikatika, na usifungue mlango. Tundika temometa ndani, andika nyuzi kwenye daftari asubuhi na jioni, Jumapili pia. Daftari hilo ni kati ya vitu vya kwanza inspekta anavyoomba.

Diazepam na morfini zinaandikwaje? (Mfamasia kijana, Ruashi)

Kabati lenye ufunguo na rejista yenye kurasa zilizopigwa nambari. Kila mstari: tarehe, mgonjwa, daktari, dawa na nguvu yake, idadi iliyotoka, idadi iliyobaki. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa lisomeke bado, uandike sahihi pembeni. Usitumie korekta, usichane ukurasa. Hesabu vidonge kila wiki na ulinganishe na rejista. Mkataba wa kimataifa wa 1961 juu ya dawa kama morfini unadai kumbukumbu zake zitunzwe angalau miaka 2, kwa hiyo rejista iliyojaa inabaki kabatini na ordonanse zake (karatasi za dawa za daktari).