Kishika uchumba cha nyumba: kabla hujatuma, uliza kitakaa kwa nani

Dalali akishasema "kuna mwingine anakuja na pesa kesho", wanunuzi wengi hutuma kishika uchumba, yaani arbuni au malipo ya awali, kwa simu usiku huohuo. Asubuhi wanabaki na ujumbe wa M-Pesa. Kwa sheria ya Kenya ujumbe huo haukupi nyumba. Kifungu cha 3(3) cha Sheria ya Mikataba kinataka mkataba wa kuuza ardhi uwe wa maandishi, utiwe saini na pande zote, na kila saini ishuhudiwe na mtu aliyekuwepo. Ukikosa hayo, kumlazimisha muuzaji akuhamishie hati ni vigumu mno. Pesa yako unaweza kuidai, lakini kudai si kulipwa, hasa ikiwa ilipitia kwa dalali.

Arbuni ya asilimia 10 ya bei inayotajwa kila mahali ni desturi tu, na inajadilika. Nyumba ya milioni 8, arbuni ni 800,000. Salio hulipwa mara nyingi ndani ya siku 90.

Kiasi si tatizo kubwa. Tatizo ni nani anaishika. Kwa kawaida huingia akaunti ya wateja ya wakili wa muuzaji. Mkataba ukisema anaipokea kama wakala wa muuzaji ("agent"), anaweza kumkabidhi siku hiyohiyo, na muuzaji akalipia karo au deni. Ukisema anaishikilia kwa niaba ya pande zote mbili ("stakeholder"), haitoki mpaka uuzaji ukamilike au nyote mkubali. Mkataba huwa wa Kiingereza, kwa hiyo mwambie wakili wako akuonyeshe kwa kidole neno lililotumika. Na awe wakili wako, si yule wa muuzaji "atakayewahudumia wote".

Kabla ya saini, fanya upekuzi wa hati mwenyewe, kwa Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa serikali mtandaoni, au kwenye ofisi ya usajili ya eneo hilo. Nakala aliyokuletea muuzaji haitoshi, kwani rehani au zuio linaweza kuwa limeingizwa baadaye. Linganisha jina na kitambulisho. Jina likiwa la marehemu, simama hapo: Sheria ya Urithi hairuhusu ardhi ya marehemu kuuzwa kabla mahakama haijathibitisha hati ya usimamizi wa mirathi, hata watoto wote wakiwa wamekubaliana. Nyumba ya ndoa nayo inahitaji ridhaa ya mume au mke, kwa maandishi.

Viwanja vilivyomegwa kutoka mashamba pembezoni mwa miji vina mtego wake. Kama ardhi bado ni ya kilimo, idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi iombwe ndani ya miezi 6 tangu makubaliano. Bila idhini, mauzo ni batili, na ulicholipa unakidai kama deni.

Ikibidi utoe kitu mapema ili nyumba isiuzwe, kiwe kidogo, kiende akaunti ya wakili, na barua isainiwe kwanza. Maneno yanayotosha: "Pokea shilingi 50,000 za kuhifadhi nyumba kwa siku 14. Zitahesabiwa kwenye arbuni. Zitarudishwa zote ndani ya siku 7 iwapo upekuzi utaonyesha kasoro au mkataba hautasainiwa." Barua za ofa za wajenzi mara nyingi huandika kinyume, kwamba ada hairudishwi, tena kwa herufi ndogo chini ya saini. Kikate kipengele hicho kwa kalamu, na nyote wawili mtie herufi za kwanza za majina yenu pembeni.